Nilibandika stika kwenye chupa ya mgonjwa mwingine, mwanamke asiye na kansa akapangiwa kukatwa titi

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlioko Arusha na mlioko mbali.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauacha ukae. Ninachosimulia sikusikia kwa mtu, nilikifanya mwenyewe kwa mikono hii, na sina mpango wa kujisafisha. Majina nimebadilisha. Kampuni sitaitaja hata mkinibana PM, kwa hiyo msijisumbue.

Mimi ni mdada, nimekulia Lemara, wazazi wangu ni watu wa Rombo. Nina diploma ya maabara. Huu ni mwaka wa nne niko kwenye tawi la Arusha la kampuni moja ya kimataifa ya vipimo.

Ni kampuni kubwa, ina maabara nchi nyingi. Inapima damu za watu, maji ya visima, mpaka parachichi za kusafirishwa nje kuangalia kama zina mabaki ya dawa. Tawi letu lenyewe ni dogo. Kaunta, chumba cha kutolea damu, friji, na vyumba viwili vya mashine.

Vipimo vya kawaida tunamaliza hapa hapa. Vile vizito, kwa mfano kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe kuangaliwa kama ni kansa, tunafungasha na kutuma kwa ndege maabara kuu nje ya nchi.

Kazi yangu ilikuwa kupokea sampuli. Chupa inaletwa na fomu ya daktari. Naingiza taarifa kwenye kompyuta, printa inatoa stika yenye jina na ile mistari ya kuskani, nabandika kwenye chupa. Ikishatoka mezani kwangu, hakuna tena anayemjua mgonjwa kwa sura. Huko mbele wanasoma stika tu.

Sasa sikilizeni.

Jumatatu moja zililetwa chupa mbili, karibu muda mmoja, kutoka hospitali mbili tofauti. Chupa zinafanana kwa sababu ni zetu, huwa tunazigawa hospitalini zikiwa na dawa ya kuhifadhia kinyama. Zote mbili zilikuwa na vinyama vyembamba vilivyotolewa kwenye titi kwa sindano. Na zote mbili zilikuwa zimeandikwa kwa maka pen jina moja: Neema Mollel.

Kwa wasioijua Arusha, akina Mollel ni wengi mno, na akina Neema ndio usiseme. Haikunishtua hata kidogo.

Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na nane, anaishi Kikwe. Nitamwita Mwalimu.

Mwingine alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mfugaji, wa kule juu Olmotonyi. Nitamwita Yeyo, ndivyo Waarusha wanavyomwita mama.

Utaratibu wetu unasema mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Unaingiza, unaprint, unabandika, unaweka pembeni, ndipo unamgusa wa pili. Siku hiyo gari la kupeleka mzigo uwanja wa ndege wa KIA lilikuwa linanguruma nje. Dereva akachungulia dirishani, "Dada, ndege hainisubiri mimi."

Nikaingiza wote wawili kwa mpigo. Printa ikakwama. Nikaifungua, nikavuta karatasi, stika mbili zikatoka zimegandana. Nikazibandua, nikabandika, nikafunga boksi.

Kulikuwa na sehemu ya kujaza idadi ya vipande vilivyomo kwenye chupa. Nikairuka nikijiambia siyo ya lazima.

Gari likaondoka. Nikaenda kula.

Yaani wakuu, siku ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Hakuna moyo kwenda mbio wala nini. Ndiyo maana hadi leo siku za kawaida zinaniogopesha.

Zikapita kama wiki mbili. Majibu ya vipimo vile yanatumwa moja kwa moja kwa daktari wa mgonjwa, sisi tunabaki na nakala ya faili.

Jumatano saa tano asubuhi akaja kaka mmoja kaunta, mtu mzima, kavaa koti la kijivu na raba zenye tope. Akasema mke wake ni mwalimu, amepatikana na kansa ya titi, daktari amesema watoe titi lote, operesheni ni Ijumaa. Alitaka nakala ya ripoti kwa ajili ya bima.

Nikamtolea. Akaikunja taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika. Hakuondoka.

"Samahani dada," akasema, "hivi hivi vipimo huwa havikosei?"

Nikamjibu kwa sauti ile ya huduma kwa wateja, "Hapana kaka. Hii ni maabara ya kimataifa. Mungu awatie nguvu."

Akashukuru. Akaondoka.

Saa tisa alasiri nikawa napanga mafaili. Fomu ya daktari na ripoti vinabanwa pamoja. Nikachukua za Mwalimu. Kwenye fomu daktari ameandika kwa mkono wake: vipande vitatu.

Ripoti kutoka maabara kuu imesema: vimepokelewa vipande vitano.

Nikasoma tena. Nikajisemea labda vimekatika njiani, vinyama vyenyewe ni kama uzi. Nikavuta faili la Yeyo, ambaye ripoti yake ilisema hana kansa.

Fomu: vipande vitano. Ripoti: vimepokelewa vitatu.

Aisee. Nimeshawahi kusikia watu wanasema damu imewaganda, nikidhani ni maneno tu. Mimi vidole vilikufa ganzi, nikashindwa hata kuishika ile pini ya kubania. Masikio yakaziba. Mwenzangu aliyekuwa kaunta alikuwa anaongea na mteja, namwona midomo inacheza, simsikii.

Titi la mwalimu wa watu linakatwa Ijumaa. Na sababu ni mimi kutaka kuwahi gari.

Hapa sasa ndipo naomba mnisome vizuri, kwa sababu ndipo ninapoona aibu kuliko kote.

Sikwenda kwa bosi.

Karibu na meza yangu kuna mashine ya kuchana karatasi. Nilisimama mbele yake na zile fomu mbili mkononi. Fomu zikipotea, hakuna mtu duniani atakayeweza kulinganisha vipande. Itabaki ripoti, na ripoti imetoka kwa wakubwa.

Sijui nilisimama muda gani. Mwenzangu akaniuliza, "Vipi, hiyo mashine mbovu?" Nikasema hapana. Nikazirudisha fomu kwenye faili, faili kwenye kabati, nikafunga na kuchukua mkoba.

Nyumbani mama alikuwa amepika ndizi. Nikasema tumbo linauma. Kichwani nilikuwa najitetea kama niko mahakamani: pengine vimekatika kweli, pengine madaktari wenyewe wamehesabu vibaya, pengine huko nje wana namna ya kugundua. Kila utetezi ulikuwa unanifikisha kwenye kitu kimoja: kazi yangu, leseni yangu, mama yangu atasemaje kanisani. Nilijihurumia sana. Nitarudi kwenye hilo.

Alhamisi saa mbili asubuhi ndipo nikabisha mlango wa meneja. Tumwite Madam Fausta. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mkali, hapendi maelezo marefu. Nikamwekea mafaili mawili mezani nikanyoosha kidole kwenye namba.

Alisoma kwa miwani, akaivua, akasoma tena bila miwani.

"Uliona lini?"

"Jana. Saa tisa."

Akaniangalia. Angenitukana ingekuwa afadhali.

"Huyu wa kansa anapasuliwa lini?"

"Kesho asubuhi, madam."

Akachukua simu akampigia daktari wa upasuaji. Haipokelewi. Akapiga tena, haipokelewi. Akapiga namba ya hospitali, akaomba aunganishwe na wodi. Aliweka spika, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Neema Mollel?" nesi akasema. "Huyo ratiba yake imesogezwa. Anafanyiwa leo. Yupo tayari kule chini, ni wa pili."

"Wa kwanza ameshaingia?"

"Ameingia muda kidogo."

"Nenda kawaambie wasimguse huyo wa pili," Madam akasema. "Waambie maabara tunakuja."

"Mama, mimi ni wa wodini, siwezi kuzuia operesheni ya daktari kwa simu..."

Madam alikuwa ameshasimama.

Gari la ofisi likatuchukua. Pale Mianzini foleni imesimama, haisogei mbele wala nyuma. Dereva anasema tuvumilie kidogo. Madam akafungua mlango akashuka, akavua viatu vyake vya kisigino akavishika mkononi, akaanza kukimbia pembeni ya barabara. Nikamfuata.

Wakuu, mimi ni kijana, lakini yule mama aliniacha. Kichwani naona kisu tu. Naona kisu kinashuka, kila hatua kinashuka. Kila nikimwona mtu amevaa koti jeupe nadhani anakuja kutuambia tumechelewa.

Tulifika hospitali tumelowa jasho. Mlinzi akataka kutuuliza, Madam akampita. Kwenye korido ya chumba cha upasuaji tukamkuta daktari anatoka, barakoa bado iko usoni, glavu ameshavua.

"Daktari, usimguse Neema Mollel," Madam akasema akihema. "Hatuna uhakika kama ile ripoti ni yake."

"Hamna uhakika?"

"Sampuli mbili zimebadilishana kwetu. Hiyo ndiyo shida."

Daktari akashusha barakoa. Akatazama saa ya ukutani, akatazama mlango nyuma yake. Kisha akasema polepole, "Mtu wa usingizi alikuwa anakuja kumchoma sindano sasa hivi."

Akatupeleka kwa mgonjwa.

Mwalimu alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, kavaa lile gauni la kijani, nywele zimefunikwa. Mume wake amesimama kashika kanga yake. Daktari akawaeleza kwa utulivu kwamba operesheni imesimamishwa, kipimo kitarudiwa, kuna uwezekano majibu siyo ya kwake.

Mwalimu alisikiliza kama anavyosikiliza mwalimu anayejua mtoto anadanganya.

"Nani amekosea?" akauliza.

"Ni kosa la kampuni," Madam akajibu haraka.

"Ni mimi," nikasema.

Mume wake akageuka. Nilimwona anavyonikumbuka. "Si wewe jana uliniambia hamkosei?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Nilidhani Mwalimu atanipiga, na nilitamani anipige. Yeye akajiinua kwa kiwiko, akaniangalia usoni, akasema maneno ambayo mimi mtaalamu wa maabara sikuwa nimeyawaza tangu jana yake saa tisa.

"Ngoja kwanza. Kama huu ugonjwa siyo wangu, ni wa nani?"

Wakuu, nilisema nitarudi kwenye kujihurumia. Ndiyo hapa. Saa kumi na saba nzima niliwaza kazi, niliwaza leseni, nilimwaza Mwalimu na kisu. Yule mama wa Olmotonyi aliyeambiwa ni mzima, nilimwaza kama namba kwenye faili. Hakuniingia akilini kama mtu anayetembea na kansa akidhani amepona.

Madam akampigia daktari wa Yeyo. Simu ya Yeyo mwenyewe haikupatikana. Hospitali yao ikatoa nesi mmoja, mama mtulivu anayejua Kimaasai, mchana huo huo tukapanda Olmotonyi. Madam aliniambia naweza kubaki ofisini. Nikasema naenda.

Kule juu kuna baridi, ukungu umeushika mlima hadi chini, lakini mimi ndio nilikuwa natoka jasho.

Tulisikia kuimba kabla hatujaiona nyumba. Nikadhani ni jirani.

Haikuwa jirani. Uani kulikuwa na watu kama thelathini, wengi akina mama wa usharika, wengine bado wamesimama na vitabu vya nyimbo mikononi. Ilikuwa ibada ya shukrani. Yeyo alikuwa anamshukuru Mungu kwamba majibu yametoka salama.

Nesi alinishika mkono kwa nguvu. Nadhani na yeye alikuwa anatafuta pa kushika.

Yeyo ni mama mrefu, mwembamba, shuka jekundu begani. Alitupokea kama wageni wa heshima. Nikasema "Shikamoo yeyo," akaitikia "Marahaba mwanangu, karibuni, mmekuja wakati mzuri." Tukawekewa loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, kwenye mabakuli. Langu nililishika tu, sikulionja.

Nesi akamwomba pembeni, nyuma ya zizi. Tukasimama wanne. Akaanza kwa Kiswahili, taratibu, kwamba daktari anaomba aje kesho, kuna kipimo kitarudiwa, ni jambo la kawaida tu...

Yeyo hakuwa anamtazama nesi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kama ni kawaida, huyu binti anatetemekea nini?"

Nesi akamtazama Madam.

"Semeni. Mimi si mtoto."

Nesi akamweleza kwa Kimaasai. Sikuelewa maneno, lakini nilijua ni wakati gani ameisema kansa, kwa sababu Yeyo alifunga macho. Mkono wake ukapanda taratibu ukagusa titi la kulia, ukabaki pale.

Nikapiga magoti kwenye matope. Nikamwambia kosa ni langu, nikamwambia hata kuhusu zile saa kumi na saba nilizoficha. Madam hakunizuia.

Yeyo akaushusha mkono wake kutoka kwenye titi. Halafu akasema kwa Kiswahili ili wote tusikie, "Inuka. Wale watu bado wanakula. Msimwambie mtu yeyote mpaka wamalize."

Akajifunga shuka vizuri, akarudi uani, akaendelea kugawa chakula. Nilimwona akicheka na bibi mmoja, anamwongezea. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama kile kicheko.

Kesho yake wote wawili walitolewa sampuli upya. Safari hii Madam mwenyewe alibandika, mtu wa pili akasoma, daktari akasaini. Maabara kuu wakaambiwa pia wapime vinasaba kwenye zile sampuli za mwanzo kuona ni za nani hasa.

Tukasubiri siku sita.

Hizo siku nisizieleze sana. Hofu ilikuwa imebadilika sura. Je, kama hazikubadilishana? Kama Mwalimu kweli ana kansa, na mimi ndiye niliyemtoa mezani kwa daktari? Nilikuwa nimesimamishwa kazi, niko nyumbani, kila simu ikilia nampa mama aangalie kwanza ni nani.

Majibu yakaja. Zilibadilishana. Mwalimu ni mzima, uvimbe wake si wa hatari. Yeyo ana kansa, ila imeonekana mapema, haijasambaa.

Mwalimu alipeleka malalamiko rasmi, na ana haki yote. Hajanisamehe. Nilimwandikia barua, akairudisha bila kuifungua. Naheshimu.

Wakubwa walinihoji kwa video kutoka nje, siku mbili. Nilipewa onyo la mwisho na kuondolewa mapokezi, sasa niko upande wa maji na mazao. Wengi ofisini walidhani nitafukuzwa, na mimi pia. Madam aliniambia kilichonibakiza ni kwamba zile fomu zilikuwepo. Sikumwambia kuhusu mashine ya kuchana karatasi. Labda anasoma hapa.

Yeyo alifanyiwa upasuaji, sasa anaenda Moshi kwenye dawa za dripu. Kabla ya kila awamu anapimwa damu kwetu.

Mara ya kwanza alipokuja nilijificha chumba cha ndani. Nikasikia anasema kaunta, "Mwiteni yule binti aliyekuja kwangu."

Nikatoka. Alikuwa ameshatolewa damu, kitambaa kichwani, amepungua. Hakunisalimia kwanza. Akaichukua ile chupa kutoka kwa mwenzangu, akanipa mkononi.

"Soma."

Nikasoma. Jina lake, la baba yake, umri, Olmotonyi.

"Ndiyo mimi," akasema. "Haya, peleka."

Nimejifunza nini? Ukitolewa damu au kinyama popote pale, omba uoneshwe chupa yako, usome jina na umri kabla hujainuka kwenye kiti. Usione haya, hata wakikununia.

Na wewe uliyekosea kazini, ukiijua saa tisa, sema saa tisa. Mimi nilibahatika. Foleni ya wagonjwa siku ile ingekuwa fupi kwa mtu mmoja tu, leo ningekuwa naandika kitu kingine kabisa, au nisingekuwa naandika.

Wauguzi, mafundi, madereva, wahasibu, yeyote aliyewahi kubeba kosa la namna hii, naomba kusikia kwako: ulimwambia nani kwanza, na ilikuchukua muda gani? Wenye matusi pia karibuni, nitayasoma yote.